Patasi za bei nafuu: ipi uichukue, ipi uiache dukani

Nilipoanza useremala nilinunua seti ya patasi nne Mombasa, mipini ya njano, chuma kinang'aa kama kioo, bei ya kuchekelea. Nikavuka nayo Mokowe kuja Lamu nikiona nimeshakuwa fundi. Kazi ya kwanza ilikuwa kutoboa tundu la kitasa kwenye mlango wa mvule. Sijafika nusu, makali yakajikunja kama ukingo wa bati. Nikanoa, nikarudi mlangoni, yakajikunja tena. Siku nzima nikaimalizia kwenye jiwe la kunolea.

Hata hivyo nasema patasi za bei nafuu zinafaa kununuliwa, ila uchague, na uijue mbao unayoipelekea. Mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani ya nyuzi zake. Msaji una chembe kama za mchanga. Zote mbili hula makali hata ya chuma kizuri, na mbambakofi ni mgumu tu kwa maumbile yake. Anayefanya kazi na saiprasi au mwembe anaweza kuishi na patasi ambayo mtengeneza milango ataitupa.

Siri yote iko kwenye ugumu wa chuma. Hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na patasi nzuri ya mbao huwa kati ya 58 na 62. Chini sana ya hapo makali hujikunja, na yakizidi ugumu humeguka. Kwenye patasi rahisi hutaikuta namba hiyo imeandikwa popote, basi nenda dukani na tupa ndogo mfukoni, kile chuma chenye meno cha kusugulia chuma. Mwombe mwenye duka ruhusa, uipitishe taratibu ubavuni mwa patasi, karibu kabisa na makali. Tupa ikiteleza, chuma kimeiva. Ikiuma na kutoa unga, rudisha patasi rafuni bila kubishana bei.

Ukiniuliza nizipange, ya kwanza ni patasi kuukuu ya Sheffield, Uingereza. Huku mwambaoni yapo makasha ya mafundi wazee ambao watoto wao hawakuufuata ufundi. Ulizia kwa adabu, kwa sababu kwa wenyewe huo ni urithi. Ukiona mhuri wa "CAST STEEL", hiyo ni pua, yaani chuma kigumu cha makali, iliyoyeyushwa kwenye vyungu, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740. Kutu ya juu juu isikutishe, hutoka kwa msasa. Geuza uangalie ubapa, ule upande usio na mteremko. Kama kutu imechimba vishimo pale karibu na makali, iache, kwa maana kila ukinoa ukafikia kishimo utapata pengo.

Ya pili ni Narex kutoka Jamhuri ya Cheki. Si ya bei ya kutupa, lakini kwa ubora wake ni rahisi, na kampuni yenyewe hutaja ugumu wa karibu 59. Ukiwa na jamaa anayerudi kutoka Ulaya, mwagize mbili badala ya manukato.

Ya tatu ni ya mhunzi, iliyofuliwa kwa springi ya gari. Kwa juba, ile patasi nene ya kutobolea matundu, na kwa bobari, zile zenye makali ya mviringo za kuchongea maua ya milango, mimi naipandisha hadi ya kwanza, maana dukani hupati umbo unalolitaka. Lakini inategemea mkono wa mhunzi. Akishaizima, yaani kuitosa ikiwa ya moto kwenye maji au mafuta, chuma kikawa kigumu, lazima akirudishe kwenye moto mdogo hadi kishike rangi ya majani makavu, ndipo azime tena. Asiyefanya hivyo atakupa patasi ya kukatika.

Ya nne, na ndiyo wengi wetu tunaanza nayo, ni patasi moja moja ya hadiwea iliyopita mtihani wa tupa. Nunua ya milimita 12 kwanza, kisha 25, kisha 6. Seti ya nne au sita iliyofungwa kwenye plastiki, isiyo na jina na usiyoruhusiwa kuigusa, naiweka mwisho kabisa. Usiinunue.

Pesa utakayookoa, itie kwenye kinoo. Kama haitoshi, kipande cha kioo kinene na msasa wa namba 120, 400 na 1000 vitakufikisha. Anza na ubapa mpaka ung'ae karibu na makali, kwa sababu patasi rahisi hutoka kiwandani imepinda pale na kupakwa vanishi. Mteremko uwe nyuzi 25, na kwa mvule au msaji ongeza ncha iwe 30. Mashine ya kunolea ya umeme uiogope: chuma kikigeuka buluu, ugumu umekwenda. Mara nyingine kiwandani nako ndivyo walivyofanya, wakaiunguza ncha tu. Basi patasi mpya usiihukumu kwa makali yake ya kwanza. Inoe mara mbili tatu, upite ile sehemu iliyoungua, ndipo uipe mbao ngumu. Ninayo moja niliyokaribia kuitupa, na baada ya kunolewa hivyo imetoboa fremu za msaji mwaka wa tatu sasa.

Halafu kuna chumvi ya hewa yetu. Patasi iliyolala usiku kwenye kasha la plastiki lenye unyevu, asubuhi ina madoa mekundu. Mimi huzipangusa jioni kwa mafuta ya cherehani na kuzifunga kwenye kitambaa kikavu cha pamba, kila moja peke yake, makali yasigusane.