Chupa za kizibo cha waya: wiki kumi za kungoja, na bia ya Krismasi ikatoka bila gesi

Msinunue zile chupa. Naanza hapo kwa sababu hasira haijaniisha, na nikisubiri ipoe huenda nikaanza kuzisifu.

Mimi hupika bia yangu mwenyewe hapa Mikindani, ya kunywa na jamaa wakishuka na treni pale Miritini kuja Krismasi. Ni bia nyeusi, nzito, ya viungo, kama wanavyotengeneza Uingereza na Ubelgiji kwa sikukuu, ila mimi naitia sukari guru, mdalasini, iliki, maganda ya chungwa, kungumanga ya kukwaruza, na punje sita za karafuu kwa lita 20. Sita tu. Karafuu ikizidi hapo, bia nzima inanuka dawa ya meno. Kimea na hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, naagiza Nairobi, viungo natoa Marikiti.

Sisi wa Pwani tumezoea mnazi: wagemwa asubuhi, wanywewa jioni, ukilala siku mbili ni siki. Bia hii ni kinyume kabisa. Ikitoka kwenye ndoo ya kuchachushia hainyweki. Karafuu inauma ulimi, mdalasini umesimama peke yake, pombe inachoma koo. Unaitia sukari kidogo (safari hii nilipima gramu 130 kwa zile lita 20), unaifunga kwenye chupa, hamira iliyobaki inaila ile sukari na kutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea inazama ndani ya bia. Gesi ni kazi ya wiki mbili tatu. Viungo ndivyo vinavyotaka muda, miezi miwili na zaidi, mpaka vipatane na usijue tena kipi ni kipi. Na joto letu hili linaizeesha bia upesi, kwa hiyo nilizisimamisha chupa kwenye karai la maji chini ya ngazi, gizani, gunia bichi juu yake. Gunia na maji vinapunguza digrii mbili tatu. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa naliloweka gunia upya. Wiki kumi nilifanya hivyo.

Chupa zenyewe nilizinunua mjini, duka moja la vyombo, mwezi wa tisa hivi. Ishirini na nne, kila moja shilingi 250, zile za kizibo cha kauri kinachobanwa na waya, chenye mpira mwekundu. Nilimwuliza kijana wa dukani waziwazi: zinabeba gesi? Akasema, “Bia, soda, weka chochote, mzee wangu.” Bia iliyobaki niliitia kwenye chupa nne za kahawia za kawaida, nikazigongea vizibo vya bati. Namshukuru Mungu kwa hizo nne.

Disemba ilikuwa imeingia, au inakaribia, nilipofungua ya kwanza ili nionje. Ukisukuma ule waya kwa kidole gumba, kizibo hutakiwa kuruka na kupiga kelele. Hiki kiliinuka polepole kama kifuniko cha sufuria baridi. Kimya. Nikamimina: nyeusi, nzuri, harufu ya iliki imejaa jikoni, na juu hakuna hata povu la ukucha. Nikafungua ya pili, ya tatu. Maji ya viungo. Mke wangu akaniambia labda nilisahau sukari, na kwa dakika chache nilimwamini. Nikachukua moja ya kahawia. Pssss! Povu mpaka mdomoni mwa glasi. Bia ni ile ile, sukari ni ile ile, karai ni lile lile.

Nikautoa mpira wa kizibo nikauangalia dirishani. Una mshono, mstari mwembamba ulioinuka, umeukata mpira kutoka ndani hadi nje, na mpira mwenyewe ni mgumu kama soli. Nikajaza soda kwenye chupa, nikaifunga, nikaitikisa, nikaizamisha kwenye beseni. Vipovu vidogo vikatoka mahali pamoja, kimoja baada ya kingine, pale pale penye mshono. Wiki kumi gesi yangu ilikuwa inatokea hapo.

Nilirudi dukani na chupa na mpira mkononi, sikupaza sauti. Kijana yule yule akaniambia, “Mzee, hizi ni za urembo, zatiwa maua.” Nikamkumbusha alivyosema siku ile. Akawageukia wateja, akacheka: “Mzee huyu apika chang’aa kwake, gesi imemkimbia, aja kutulilia sisi.” Chang’aa! Mimi sina mtambo, sichemshi pombe, nangoja shayiri miezi mitatu kwa maji na gunia. Na pale kaunta palikuwa na mama tunayesali naye. Alinitazama, kisha akainamisha macho kwenye sufuria alizokuwa akichagua. Nikatoka bila neno.

Sasa niseme na haki ya chupa. Niliagiza mipira ya silikoni Nairobi, ikaja na basi, shilingi 15 mmoja. Nikafungua chupa za waya zote zilizobaki, nikatia gramu 4 za sukari kila moja, nikafunga kwa mipira mipya. Hamira ilikuwa bado hai. Baada ya wiki mbili hivi vizibo viliruka kama inavyotakiwa. Kwa hiyo kioo hakina kosa, waya hauna kosa, waya wenyewe ni imara kuliko nilivyotarajia. Mwenye mipira yake anaweza kuzinunua.

Hapana. Narudisha neno. Mahali gesi inapotokea hewa nayo huingia, na chupa tisa zilikuwa zimeshaharibika, zina ladha ya karatasi iliyolowa ambayo sukari haiwezi kuiondoa. Nilizimwaga shimoni nyuma ya nyumba, iliki na mdalasini vikinuka uani mpaka magharibi. Zile tatu za kahawia zilizobaki shemeji zangu walizimaliza kabla pilau haijateremshwa, wakauliza kama zipo zaidi za namna hiyo.

Mipira mibovu, yote 24, nimeifunga kwenye bahasha. Jumamosi naipeleka. Pesa yangu nimeisamehe, wabaki nayo. Ninachotaka ni yule kijana aliondoe lile neno la chang’aa, kwa sauti ile ile aliyolisema, na dukani mkiwa na watu.