Kichocheo cha neva mgongoni: kimenituliza mguu, kiuno bado

Nianze na jibu, maana ndilo ndugu na marafiki wananiuliza kila wiki kwa sauti za WhatsApp. Ndiyo, kifaa cha umeme nilichowekewa mgongoni kutuliza maumivu ya neva kinafanya kazi, na ningeambiwa nichague upya ningekubali kuwekewa. Ila hakijaniponya. Maumivu ya mguu yamepungua zaidi ya nusu, ya kiuno yamepungua kidogo sana. Anayeingia chumba cha upasuaji akitegemea kutoka mzima kama zamani atavunjika moyo, na sitaki hilo limpate msomaji wangu yeyote.

Naishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee: kuinua, kugeuza, kuogesha. Diski ya kiunoni ilichomoza ikabana neva inayoshuka mguu wa kushoto, nikafanyiwa upasuaji. Picha za baadaye zilionyesha neva haibanwi tena, lakini mguu uliendelea kuwaka. Neva ikiumia inaweza kuendelea kupeleka taarifa za maumivu hata baada ya kilichoibana kuondolewa. Usiku shuka likinigusa unyayo nilikuwa nashtuka. Gabapentini ilinifanya nisinzie mchana kutwa, amitriptilini ikanikausha mdomo, morfini ikanifunga choo, na mguu ukabaki vile vile.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: taarifa za mguso zikipita kwa wingi, zile za maumivu hupungukiwa nafasi ya kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti unamsugua, naye ananyamaza. Miaka miwili baadaye, huko Marekani, daktari Norman Shealy akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza cha umeme mgongoni. Cha leo kina nyaya nyembamba zinazopitishwa nyuma ya uti, nje ya utando wake, na betri inayoenea kiganjani, inayozikwa chini ya ngozi juu ya kalio, ubavuni au tumboni. Mgonjwa anakiongoza kwa rimoti.

Hapa Uingereza sikulipa chochote, kwa sababu NICE, taasisi inayoishauri NHS, huduma ya afya ya umma, matibabu gani yatolewe, ilikipitisha mwaka 2008 kwa maumivu ya neva yaliyodumu angalau miezi 6 licha ya dawa, yanayofika angalau 50 kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Sharti jingine ni kwamba mgonjwa apewe kwanza kukijaribu na kionekane kinamsaidia. Kabla ya hapo nilikutana na daktari bingwa wa maumivu, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mwanasaikolojia. Kuhusu huyu wa mwisho, najua Waswahili wenzangu wengine wanaona wanapelekwa kwake kwa kuwa hawaaminiki. Mimi aliniuliza nalala vipi, nani ananisaidia nyumbani, nategemea nini kutoka kwenye kifaa. Kabla yake hakuna aliyenipa nafasi ya kuongea hayo kwa miaka.

Sasa niseme la majaribio, maana kwangu hapo ndipo penye uamuzi wote. Unalazwa kifudifudi, unachomwa ganzi, sindano nene inaingia kati ya pingili na waya unasukumwa juu taratibu huku daktari akitazama eksirei. Mimi nilikuwa macho, na kwa aina hii ya majaribio ni lazima, kwa sababu wanakuuliza: unasikia wapi? Kwanza nilisikia mtekenyo mbavuni. Wakashusha waya kidogo. Pajani. Kidogo tena, na ghafla ukashuka mpaka kidole gumba cha mguu, ukafunika pale pale palipokuwa panawaka. Nililia, na muuguzi akanishika mkono akidhani naumia.

Ukitoka hapo nyaya zimechomoza mgongoni, zimebandikwa plasta, zimeunganishwa na kiboksi kinachoning'inia kiunoni. Huogi, unajifuta tu. Huinami, hujipindi, hubebi kitu kizito, kwa sababu waya haujashikwa na nyama bado na unaweza kuhama. Unaishi nyumbani hivyo kwa siku kadhaa, kama wiki hivi, halafu unarudi kusema kama unataka kuendelea.

Watu wengi wanaitumia wiki hiyo kwa kukaa kitini na kusikilizia. Ushauri wangu ni tofauti. Andika mapema vitu ambavyo maumivu yamekunyang'anya, kisha vijaribu kimoja kimoja ndani ya mipaka uliyopewa. Mimi niliandika kusimama jikoni mpaka wali uive, kutembea hadi kituo cha basi bila kuegemea ukuta, na kulala usiku bila kuamshwa na mguu. Kila jioni niliandika daftarini nimeweza nini na nimemeza vidonge vingapi. Madaktari wanataka maumivu yapungue angalau nusu, lakini kusema "nimepungukiwa nusu" ni kubahatisha tu. Kusema "nimesimama jikoni mpaka wali ukaiva" si kubahatisha. Kiuno hakikubadilika sana, nikaliandika na hilo, na nilipokubali kuwekewa cha kudumu nilijua nakubali nini.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia: nilitoka siku ile ile. Kazi ni wiki zilizofuata, kuzuiwa kuinama, kunyanyua mikono juu, kubeba hata ndoo. Nilisali kitini, mwanangu alinivalisha soksi, na kazini nilikaa nje karibu miezi miwili. Kama huna mtu wa kukusaidia nyumbani, mtafute kabla ya kukubali tarehe.

Maisha ya kila siku na kifaa yana tabia zake. Changu ni cha mtekenyo. Nikilala chali uti unasogea karibu na nyaya, mtekenyo unapanda, nashika rimoti nipunguze. Nikikohoa kwa nguvu mguu unashtuka. Nikiendesha gari nakizima, ndivyo tulivyoelekezwa watu wa aina hii, na safari ndefu kwa hiyo bado inaniuma. Kuna aina zinazotuma umeme kwa kasi kubwa, mpaka mipigo 10,000 kwa sekunde, na hizo mgonjwa hasikii mtekenyo wowote. Ulizia zote mbili, usichukue ya kwanza unayoonyeshwa.

Betri nayo ulizia sana. Zisizochajiwa hukaa miaka michache, kisha unapasuliwa tena kubadilishiwa. Za kuchaji hudumu muda mrefu zaidi, lakini kazi ya kuchaji ni yako. Nilichagua ya kuchaji. Unavaa mkanda, unatafuta kwa mkono mahali betri ilipo chini ya ngozi, unaweka kichwa cha chaja juu yake mpaka kilie kwamba kimeshika. Ukisogea, kinapoteza. Mimi hufunga khanga juu ya mkanda ili usiteleze, nakaa na chai, kifaa kinapata joto kidogo. Chaja yangu ina betri yake ndani, kwa hiyo nikiwa Tanga umeme ukikatika sihangaiki. Nguo za ndani zenye mpira mgumu zinakwaruza kovu, bora zinazopanda juu ya kiuno. Uwanja wa ndege naonyesha kadi ya kifaa na kuomba kukaguliwa kwa mkono.

Lisilonifurahisha ni kusubiri kurekebishiwa programu. Waya ulihama kidogo mwanzoni, jambo linalotokea kwa baadhi ya wagonjwa, mtekenyo ukahamia tumboni. Ilibidi nisubiri wiki nyingi kupata nafasi na mtaalamu mwenye kompyuta ya kampuni ile ile iliyotengeneza kifaa. Mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa hapaswi kukaa hivyo na maumivu yake.

Kuhusu utafiti, msomaji ana haki ya kusikia pande zote. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa wagonjwa 100 wenye hali kama yangu, waliofanyiwa upasuaji wa mgongo wakabaki na maumivu ya mguu. Baada ya miezi 6, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa walikuwa wamepungukiwa maumivu ya mguu angalau nusu, dhidi ya asilimia 9 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Lakini mwaka 2022 Wanorwe walichapisha majaribio ya watu 50 ambao vifaa vyao viliwashwa na kuzimwa bila wao kujua, kwa aina moja ya mipigo, na tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 2023 wapitiaji wa Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, nao wakasema ushahidi kwa maumivu ya kiuno hautoshi kupendekeza kifaa hiki nje ya majaribio ya utafiti. Nilipousoma ule wa Norwe nilikosa raha siku nzima. Changu kiliwahi kuzimwa kwa ajili ya kipimo cha MRI cha bega, na kufika jioni mguu ulikuwa unawaka. Si ushahidi, kwa kuwa nilijua kimezimwa. Lakini vidonge nimepunguza, morfini nimeacha kabisa kwa usimamizi wa daktari, na nimerudi kazini kwa saa chache.

Shangazi yangu wa Tanga ana kisukari, miguu inamwaka usiku, na ameuliza kama kitamfaa. Shangazi, maumivu yako ni ya neva, si ya magoti, kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa. Marekani waliruhusu kifaa cha mipigo 10,000 kwa maumivu kama hayo mwaka 2021. Lakini sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na wadudu huingia kirahisi, na kifaa kikipata maambukizi mara nyingi hutolewa chote. Kwa hiyo kwanza sukari ishuke, na dawa za neva zijaribiwe kwa dozi kamili. Kisha umuulize daktari atakayekupendekezea: nani atakirekebisha programu ikibidi, na yuko mji gani? Kama jibu ni kupanda ndege kila mara, nisingekushauri ukubali.