Nyumba ya sanaa ya kifahari Shangani, Zanzibar: ingia tu, hata kama hununui

Kuingia ni bure. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu wa mjini tunaupita ule mlango wa kioo kila siku tukidhani ndani kuna kiingilio, au kwamba ukishaingia huna budi kununua kitu. Sivyo. Wale wanaishi kwa kuuza, kutazama hakulipiwi.

Nyumba ni ya kizamani, ya mawe na chokaa, ndani imepakwa nyeupe tupu na kiyoyozi kinavuma. Zidaka za ukutani wameziacha, wakatia vinyago vidogo na kuvimulika kwa taa. Inapendeza. Tatizo ni lile lile la nyumba zetu za Mji Mkongwe: vyumba virefu lakini vyembamba, maana dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Picha ya upana wa mita 2 inataka urudi nyuma uione. Ukirudi, mgongo unagonga ukuta wa pili. Picha kubwa wangezihamishia ukumbini.

Iliyonishika ni ya mnada wa samaki wa soko la Darajani. Kwa mbali unamwona nguru kalazwa chini, ngozi inameremeta. Sogea mpaka pua ikaribie turubai, samaki hayupo. Upo mburuzo mmoja wa kisu cha kupakia rangi, kijivu juu ya rangi ya waridi ambayo haikuwa imekauka, na mwisho wa mburuzo rangi imejikusanya ikafanya tuta dogo. Kikoi cha dalali mchoraji hakukipaka kabisa: ni turubai tupu na mistari miwili ya buluu. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Hilo huwezi kulifanya kwenye maduka ya picha ya mitaa ya Hurumzi na Gizenga. Nayapenda, na picha za Tingatinga nimezikulia. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki 1972. Mpaka leo mtindo wake ndio unaojaza vichochoro vyetu. Lakini mle pundamilia kabanana na pundamilia, na muuzaji keshakutajia bei jicho halijatua. Huku kila picha ina ukuta wake.

Sasa mapokezi. Watalii wawili walioingia nyuma yangu walipewa karatasi ya bei na kahawa. Mimi dada wa mezani akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Nikamwambia, namtafuta aliyechora yule samaki. Akacheka, akaniletea karatasi (kahawa haikuja), na kuanzia hapo, haki ya Mungu, alinieleza vizuri. Kidoa chekundu pembeni maana yake picha imeshauzwa. Namba 3/25 kwa penseli chini ya chapa, yaani picha iliyochapwa nakala kadhaa, ni nakala ya tatu kati ya 25, ndiyo sababu bei yake iko chini kuliko mchoro wenyewe. Pesa ya mauzo nyumba na mchoraji wanagawana nusu kwa nusu, utaratibu wa kawaida kwenye biashara hii.

Mnada wa samaki: siku ile bei ilikuwa dola 1,800. Zaidi ya milioni 4 za kwetu. Bei sikuishangaa, ukiondoa nusu ya nyumba, turubai na rangi za kuagiza, anachobaki nacho mchoraji si kingi hivyo. Nilichoshangaa ni ile dola. Picha ya Darajani, ya mchoraji wa hapa hapa, imetundikwa Shangani, halafu mwenyeji apige hesabu ya kubadilisha fedha!

Ukienda, nenda asubuhi kabla watalii hawajajaa. Uliza bei bila haya, na uliza kama wanapokea malipo kwa awamu. Kwa chapa walinikubalia. Kadi za posta za elfu tano ziache. Nilichukua ya mnada, nguru katoka kijivu cha saruji.