Pointi yangu ya Jeremiah Clarke naidai mpaka leo

Nimeshahudhuria usiku huu wa chemshabongo za muziki wa klasiki hapa Dar mara tatu au nne, na kila mara nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima. Bei na ratiba waulizeni wenyewe. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kooni tangu Jumamosi ile ya kipindi cha mvua.

Ni mpiga kinanda wa parokia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaingiza maharusi kanisani. Timu yetu ni watu wanne: mimi, mwalimu wetu wa kwaya, dada mmoja wa sauti ya pili, na mzee wa besi ambaye nota alijifunzia humo humo kwenye kwaya, lakini Biblia yote anayo kichwani.

Usiku ule ulianza vizuri mno. Tuliulizwa kuhusu ule utunzi wa mwaka 1899 wa Elgar, mtunzi Mwingereza, wenye vipande kumi na vinne, ambamo aliwaficha marafiki zake. Kimoja kinaitwa "Nimrod". Swali: rafiki aliyefichwa humo ana jina la Kijerumani, ni nani, na kwa nini aitwe Nimrod? Meza zote kimya. Mzee wetu akanong'ona, "Nimrodi si yule mwindaji wa Mwanzo sura ya kumi?" Mwalimu wa kwaya, ambaye alichota Kijerumani kidogo kwa wamisionari, nusura aangushe kiti. Mwindaji kwa Kijerumani ni Jäger! Basi ni August Jaeger, yule wa kampuni ya uchapishaji aliyekuwa akimtia moyo Elgar alipokata tamaa. Mzee wa miaka sabini na kitu alipigiwa makofi na ukumbi mzima, na macho yalimlengalenga. Peke yangu nyumbani nisingelifumbua lile fumbo hata kwa wiki nzima. Wangeniuliza dakika ile, ningewapa nyota tano.

Ikaja raundi ya kusikiliza. Tarumbeta na kinanda, ile maandamano ya harusi ambayo vidole vyangu vinaijua hata gizani. Sikungoja ifike mbali, nikaandika: Jeremiah Clarke. Jibu likatokea ukutani: Henry Purcell.

Nikanyoosha mkono. "Samahani kaka, huo ni wa Clarke."

Kijana mwenye maikrofoni hakugeuka hata kunitazama. "Mama, majibu ninayo hapa kwenye kompyuta. Hapa hatupo kigangoni."

Watu wakacheka.

Sasa nieleze, maana pale sikupewa nafasi. Purcell alifariki mwaka 1695. Maandamano yale aliyatunga Clarke, karibu na mwaka 1700, kwa heshima ya George wa Denmark, mume wa Anne ambaye baadaye alikuwa malkia wa Uingereza. Kwa miaka mingi watu walimpa Purcell sifa isiyo yake, na kondakta Henry Wood alipoupangia wimbo huo orkestra alitumia jina hilo hilo, kosa likazidi kuenea. Lakini lilisharekebishwa zamani. Kwenye nota zangu jina la Clarke limeandikwa juu kabisa. Clarke huyo alikuwa mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la St Paul's, London, na Diana alipoingia kanisani humo humo mwaka 1981 kuolewa na Charles, alipigiwa wimbo huo.

Kilichonichoma zaidi ni swali lililofuata. Wakapiga ile Adagio, wimbo wa mwendo wa polepole unaojulikana kwa jina la mtunzi Albinoni, na jibu lao likawa Remo Giazotto, Mwitaliano aliyeitoa mwaka 1958! Kumbe wanajua kabisa kwamba jina linaloandikwa juu ya wimbo linaweza kuwa si la mtunzi. Kwa Giazotto wanajua, kwa Clarke hawataki hata kusikia, kwa sababu aliyesema ni mama wa kwaya. Nimetafuta sababu nyingine sijaipata.

Baadaye nilimfuata kijana yule akiwa anakunja nyaya, nikamwonyesha nota kwenye simu. "Mama, pointi moja tu hiyo, ni mchezo." Mchezo? Clarke hana ndugu wala mtoto wa kumtetea pale ukumbini. Alichobaki nacho ni jina lake juu ya ule wimbo. Na mimi wimbo huo nimewapigia mabinti wa watu siku kubwa kuliko zote maishani mwao, halafu naambiwa hapa si kigangoni.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota moja mkononi. Nikikumbuka uso wa mzee wetu, naona nyota moja ni dhuluma kwa wale watu wa meza za jirani waliotushangilia, wengine tukabadilishana nota na mpaka leo tunapigiana simu. Nikikumbuka kicheko kile, hata hiyo moja naona nyingi. Basi wekeni mbili: zote za wale waliokaa mezani, msimamizi asihesabu hata nusu.

Jana mzee amenipigia kuuliza kama ajiandikishe kwa ajili ya duru ijayo. Nimemwambia aandike majina matatu, mstari wa nne auache wazi kwanza.