Kioo cha zamani nilichokinunua Hurumzi, na vile viwili nilivyoviacha

Jamani hii itakuwa ndefu kidogo, maana watu watatu washaniuliza kioo kile cha sebuleni nimekitoa wapi na kwa bei gani, na kila nikianza kueleza naishia njiani. Duka sitalitaja jina kwa sababu nina ya kusifia na nina ya kulalamikia, na wenyewe wanatafuta riziki. Ni Mji Mkongwe, Unguja, kwenye vichochoro vya Hurumzi ukiwa unaelekea Gizenga, mlango mdogo, ndani giza, ukiingia tu unakutana na masanduku yenye njumu za shaba, saa za ukutani zilizokufa miaka mingi, mabirika ya kahawa, halafu vioo vimeegemezwa ukutani kama wanafunzi waliochelewa.

Ila kwanza mjue nilishaumia. Mwaka juzi nilinunua kioo cha "antiki" kwa muuzaji wa mtandaoni hapa Dar, laki tatu na nusu, kwenye picha kizuri balaa, dhahabu imefifia, madoa meusi katikati kama ramani ya visiwa. Kikaletwa na bodaboda. Hapo hapo ningeshtuka, kioo cha ukubwa ule chenye fremu ya mbao ya kweli hakipakatwi na mtu mmoja nyuma ya pikipiki! Wiki ya kwanza mtoto akagonga kona na kigari chake, dhahabu ikabanduka, ndani nyeupeee, plastiki. Na yale madoa fundi mmoja wa vioo akaniambia kuwa ni mtu kamwagia dawa nyuma ili kionekane kimezeeka. Nikakipeleka saluni kwa wifi yangu, huko kinafanya kazi yake vizuri tu.

Kwa hiyo safari hii nilipoenda Unguja kwenye harusi nikasema nitatenga asubuhi moja ya kioo tu. Dukani nikamkuta kijana, na huyu ndo kasoro namba moja ya duka lile. Kila ninachogusa ni cha Sultani. Kioo cha Sultani, birika la Sultani, hata kigoda nilichokalia nikaambiwa ni cha Sultani, nikawa najiuliza huyo Sultani alibakiwa na nini nyumbani. Akanionyesha kioo kikubwa cha fremu ya dhahabu, akasema kina miaka 200, kimetoka kasri. Sasa hilo linauzika kwa sababu lina chembe ya ukweli, nyumba za wakubwa Unguja karne ya 19 kweli zilikuwa na vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya, Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, ameeleza habari hizo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Lakini kwamba vioo hivyo viliwahi kuwepo haina maana hiki ni kimojawapo.

Nilikuwa karibu kuingia mtegoni, ndipo akatoka mzee mwenye duka kule ndani, kikoi na fulana, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama nilivyokuwa najiangalia kwenye kile kioo akasema, "Uso wa kioo utautizama kila siku ukifika kwako. Leo tizama mgongo." Akamwambia kijana akigeuze.

Basi mgongo wa kioo cha Sultani ulikuwa ubao wa MDF (ule wa kiwandani wa unga wa mbao ulioshindiliwa) na skrubu za nyota, zile zenye msalaba kichwani, zinang'aa. Skrubu za nyota zimeanza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo kitu chenye skrubu hizo pande zote hakiwezi kuwa na miaka 200, labda kama kimefunguliwa na kurudishiwa. Mzee wala hakuona haya, akasema "hii kazi ya juzi, fremu ya kutoka nje, ukiipenda nakufanyia laki nne, lakini usiichukue kwa uzee wake." Kijana akajifanya anafuta vumbi. Sikujua nicheke au nikasirike, maana mzee asingetoka saa hiyo ningelipa bei ya kasri!

Baada ya hapo akaagiza vioo vitolewe barazani, na hili naliwekea nyota kabisa, dukani mle na balbu moja huoni kitu. Barazani kwenye mwanga wa asubuhi ndo tukaanza kazi.

Kioo cha pili kilikuwa ndo kizee halisi. Fremu ya mbao nyeusi ya kuchonga, maua madogo madogo na alama za mkono unaziona kabisa, ua la kushoto halifanani sawasawa na la kulia. Kioo chenyewe kina ukijivu fulani hivi, na ukitembea kando yake taratibu huku unaangalia mstari wa mlango ndani ya kioo, mstari unapinda, unanyooka, unapinda tena. Vioo vingi vya zamani viko hivyo kwa sababu kunyoosha kioo ilikuwa kazi ya kusaga na kung'arisha, hiki kioo chetu cha leo kilichonyooka kama maji yaliyotulia kimekuja na njia ya kumwaga kioo juu ya bati iliyoyeyushwa, waliyoitangaza Pilkington wa Uingereza mwaka 1959. Mgongoni hakuna rangi, kuna kitu cha kijivu kinachometameta kama chumvi. Mzee akasema hiyo ni bati na zebaki.

Hapo nikarudisha mkono wangu haraka. Vioo vya zamani vilitengenezwa hivyo, karatasi nyembamba ya bati inamwagiwa zebaki na kioo kinalazwa juu, wale mafundi wa Venice ndo walitajirika nayo, na mafundi waliougua kwa moshi wa zebaki walikuwa wengi. Njia ya kupaka fedha (fedha ile ya pete, siyo ya mfukoni) imekuja baada ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig kuonyesha mwaka 1835 jinsi fedha inavyoweza kung'ang'ania kwenye kioo, na hata hivyo zebaki haikuachwa siku moja, iliendelea mpaka mwishoni mwa karne hiyo. Kioo cha hivyo kikiwa kizima ukutani watu wanaishi nacho, ila usikwangue mgongo, usikisugue, na ukiona vitone vinang'aa vimekusanyika chini ya fremu usiokote kwa mkono. Mzee akaniuliza nina watoto wadogo? Nikasema wawili. Akakifunika na shuka. Milioni mbili na laki nane lakini yeye mwenyewe ndo kakifunika. Nawaambia wauzaji wa hivyo ni wachache.

Cha tatu ndicho nilichokichukua. Fremu ya msaji, haina nakshi nyingi, kona tu zina jani dogo la kuchongwa, urefu sentimita 120 na upana 70. Mzee hakusema ni antiki, alisema "cha miaka ya 1930, 1940 hivi, cha nyumba ya Muhindi mmoja aliyehama." Antiki kwa wauza vitu vya kale ni kitu cha miaka 100 na kuendelea, chini ya hapo ni vinteji tu, na bei inatakiwa ifuate hilo. Mgongo una mbao nyembamba, rangi yake imeiva sawasawa, siyo sehemu nyeusi sehemu nyeupe, na skrubu ni zile bapa za mfereji mmoja, vichwa vina kutu. Kona moja ambapo ubao umelegea unachungulia unaona mgongo wa kioo umepakwa rangi nyekundu ya kahawia, ambayo ndo walikuwa wanapaka kulinda fedha, siku hizi mgongo wa kioo kipya utaukuta kijivu au kijani. Ukingo wa kioo umesagwa mshazari, beveli, lakini mdogo sana, ukifumba macho ukipitisha kidole ni kama hausikii. Beveli za sasa zinazokatwa na mashine ni kali, ukali wa mstari unauhisi.

Na madoa yapo, ila yako pale yanapostahili kuwepo. Yameanzia ukingo wa chini na kona, yanapanda juu kidogo kidogo na kuisha. Unyevu unatelemka na kutuama chini kwenye fremu, unaingia pale rangi ya mgongo ilipochoka, fedha inageuka nyeusi, na kwa hewa yetu ya chumvi ya pwani ndo kabisa. Kwa hiyo ukikuta kioo kina madoa mazuri mazuri katikati halafu kingo zote safi, uliza maswali. Kile changu cha bodaboda kilikuwa hivyo hivyo.

Bei alianza laki tisa na nusu. Nikasema laki nne, akacheka akaniagizia kahawa, tukazunguka karibu saa nzima na habari za harusi zikaingia humo humo, tukaishia laki sita na ishirini. Kwa kioo chenye fedha yake ya asili na fremu yake ya asili naona ni haki. Angalieni sana hilo la asili, maana pale Mji Mkongwe kuna vioo vingi ambavyo fremu imetengenezwa kwa mbao za mlango au jahazi la zamani na kioo ni kipya cha dukani. Siyo utapeli hata kidogo, vingine vinapendeza kuliko changu, ila hiyo ni samani mpya ya mbao kuukuu na ilipwe hivyo.

Sasa malalamiko. Ufungaji, sifuri. Kijana alikifunga kwa magazeti na boksi la televisheni, akataka kukilaza juu ya mkokoteni. Kioo hakilazwi jamani, kinasafiri kimesimama kwa ubavu, ukikilaza kila shimo la barabara linakipiga katikati. Nikanunua mablanketi mawili Darajani nikafunga upya mwenyewe. Kioo peke yake cha milimita 6 kwa saizi ile kinakaribia kilo 13, weka na fremu, mimi na shemeji tulifika bandarini mikono inatetemeka. Boti tulienda nacho salama, upande wa Dar nikachukua kirikuu mpaka Tabata. Kufungua, lile jani la kona ya kulia limekatika. Nikapiga simu, kijana akasema kilikuwa kizima kilipotoka (sawa, lakini ulikifunga na gazeti!), mzee akachukua simu akasema nitume kipande kwa mtu anayekuja, mchongaji wake atatengeneza bila malipo. Ilichukua miezi miwili, ila alitengeneza kweli, na usipoambiwa huoni.

La pili limenikera zaidi. Wiki ya tatu nikaona unga laini sakafuni chini ya fremu. Wadudu wa mbao. Matundu niliyaona siku ile barazani kwenye ule ubao wa nyuma nikadhani ni ya zamani, na matundu ya zamani si tatizo, ila ilitakiwa nikigonge fremu juu ya karatasi nyeupe nione kama unga unadondoka. Fundi akapiga dawa kwa sindano tundu moja moja, elfu arobaini. Hili duka lilitakiwa linieleze, na mzee kwenye hili alikuwa mkimya kidogo.

Kukitundika nako usitumie msumari na ule waya wa zamani mgongoni, wangu ulikuwa umeliwa na kutu, ukiuvuta unakatika nyuzi. Fundi aliweka skrubu nne ukutani na kipande cha mbao cha kukalia fremu chini. Nimekiweka ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, mwanga unaingia na kugeukia ndani lakini jua lenyewe halikipigi, na mbali na ile ukuta wa bafu unaotoa unyevu. Kukisafisha ni kitambaa laini kikavu, ukizidi kitambaa chenye unyevunyevu tu, zile dawa za kupuliza zinatiririka mpaka kwenye fremu na kwenda kula fedha. Mtu mmoja akanishauri nikipeleke kipakwe upya king'ae. Sitaki! Nikitaka kung'aa Kariakoo vimejaa. Kwa kujipodoa natumia cha chumbani, hiki cha sebuleni kina ukungu wake mpole ambao jioni taa zikiwaka chumba kinakuwa kama kina chumba kingine nyuma yake.

Duka nalipatia nyota tatu na nusu kati ya tano. Mzee peke yake ningempa tano, kijana mnajua wenyewe. Nendeni asubuhi, ulizeni kama mzee yupo, asipokuwepo kunyweni kahawa mrudi baadaye.

Mama naye alivyokuja alikitazama akasema kizuri lakini kikubwa mno kwa radi. Juzi mvua ile ya usiku ilipoanza kupiga nikatoka chumbani kuchomoa televisheni nikakuta kioo kishafunikwa, khanga mbili, maana moja haikutosha.