Uzoefu wangu: mabomba ya kupozea breki, na hozi "ya joto kali" iliyoungua gari limezimwa

Nyota moja. Na nyota hiyo ni ya hozi, si ya wazo lenyewe. Kuchota hewa mbele ya bampa na kuipeleka katikati ya diski za mbele ni jambo zuri na linafanya kazi, hasa kwa gari la michezo linalopigwa breki kali mzunguko baada ya mzunguko. Lakini hii hozi niliyouziwa, ya rangi ya chungwa, imechapwa ubavuni kuwa ni silikoni ya joto kali, imenifungulisha magurudumu mara tatu kwa kazi ya mara moja.

Nianze na nilichokikuta. Sentimita 8 hivi za mwisho, pale hozi inapovaa shingo (kipande cha bomba kilichotokeza) ya bati la nyuma ya diski, zimekuwa lami. Mpira umeyeyuka, kitambaa cha ndani kimejikunja na kuwa vishanga vigumu vya plastiki, na ule waya wa springi unaoizunguka hozi umebaki mtupu. Ncha ya waya imechomoka na kuegemea diski. Kumbe ndiyo ile tik-tik-tik iliyokuwa ikisikika gari likisukumwa kwa mkono. Ingepinda kuelekea upande wa pili, ingekwenda kukwangua waya wa sensa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki.

Nikampelekea muuzaji picha. Jibu lake: "Bosi, hozi inapitisha hewa baridi, joto limetoka wapi? Umeifunga vibaya." Basi. Hakuuliza nimeifungaje, hakuuliza ni gari gani.

Kinachochoma zaidi ni kwamba nusu ya jibu hilo ni kweli. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nje inapita ndani ya hozi muda wote na mpira haupati shida, hata kama diski iliyo karibu yake imevuka nyuzi 500 za Selsiasi. Hozi haikuungua mbioni. Iliungua limesimama! Ukizima gari mara tu baada ya mizunguko ya kasi, hewa inakatika ghafla, na diski bado imebeba moto wake wote. Moto huo unahamia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwenye kalipa inayobana pedi, kwenye bati, na kutoka kwenye bati unaingia kwenye shingo ambayo hozi imeikumbatia. Dakika 10 za kusimama hapo zinaweza kuharibu kuliko nusu saa ya kukimbia. Ndiyo maana mzunguko mmoja au miwili ya mwisho huendeshwa polepole bila kugusa breki sana, na ndiyo maana breki ya mkono haivutwi breki zikiwa za moto. Muuzaji wa vifaa vya breki asiyelijua hili anauza nini?

Halafu tuje kwenye hiyo "silikoni". Hozi ya neopreni, aina nyingine ya mpira, kwa kawaida hukadiriwa kuvumilia nyuzi 120 hadi 150. Silikoni halisi iliyofumwa kwa nyuzi za kioo hufika 260 na kupita. Wengi hutofautisha kwa rangi, kwamba nyeusi ni neopreni na ya chungwa ni silikoni. Rangi ni rangi tu, mtu yeyote anaweza kuipaka. Kata kipande cha ukubwa wa kucha, kishike kwa koleo, nje penye upepo, kiwashie kiberiti cha gesi. Silikoni huacha majivu meupe yanayosagika kama unga, na kitambaa cha nyuzi za kioo hubaki kama kilivyokuwa. Neopreni hutoa moshi mweusi unaowasha pua na huacha kaa jeusi, na kitambaa kikiwa cha polista hujikunja kuwa tone gumu. Kipande changu kilitoa moshi mweusi. Jaribio la nusu dakika, na lingefanywa kabla ya kufunga lingeokoa kazi yote.

Nikiacha hozi kidogo, ufungaji wenyewe una mitego ambayo muuzaji hakunisababishia. Hewa isipigwe kwenye uso wa diski. Diski yenye matundu katikati ni pampu: inavuta hewa kutoka karibu na habu na kuitema ukingoni. Ukielekeza bomba kwenye uso wa ndani, upande mmoja unapoa na wa nje unabaki na moto, diski inapinda kama sahani na nyufa zinaanza. Kwa hiyo bati linakatwa lifunike sehemu ya katikati, likiacha nafasi ya milimita 5 hivi kutoka kwenye diski, na shingo ya bomba inafungukia hapo hapo kwenye jicho la diski, yaani tundu lake la katikati. Lakini chungulia diski kwanza. Zipo ambazo matundu yake yanavuta hewa kutoka upande wa nje wa gurudumu, na kwa hizo kazi yote hii ni bure.

Bati la alumini la milimita 2 linatosha, likifungwa kwenye boliti zilezile za bati la vumbi la asili. Wengine huling'oa lile la asili na kuacha wazi. Baadaye wanashangaa kwa nini vifuko vya mpira vya boljointi na tairodi (viungo vya gurudumu na usukani) vimekauka na kupasuka, wakati lilikuwa ndilo lililovikinga na joto. Riveti ziwe za stenlesi, milimita 4.8. Vibanio vya plastiki visiguse kitu chochote ndani ya gurudumu. Na midomo ya kuchotea hewa iliyochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA, achana nayo: PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, jua likiwaka gari limeegeshwa mdomo unaweza kuinama wenyewe.

Kipenyo: milimita 76 ikipata nafasi, kwa sababu eneo lake linazidi lile la milimita 63 kwa karibu nusu. Ila hozi ya 76 iliyobanwa ikawa bapa ili ipite nyuma ya tairi haina faida yoyote juu ya 63 iliyo mviringo. Kujua inapogusa, paka chaki hozi nzima, inua gari magurudumu yaning'inie, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, kisha shusha na urudie uzito ukiwa chini. Chaki ikihamia kwenye tairi, hapo ndipo hozi itatoboka. Mdomo wa mbele uvalishwe wavu wa stenlesi, la sivyo kokoto zitaingia na kukaa kati ya bati na diski. Siku za mvua uzibwe, kwa sababu maji baridi kwenye diski ya moto ni mwaliko wa nyufa.

Sasa lazima nijigeuze kidogo. Shingo niliyoitengeneza ilikuwa ya alumini, urefu sentimita 3. Alumini inapitisha joto kwa kasi, na urefu ule uliifanya hozi ianze karibu mno na moto. Hata silikoni halisi ingezeeka haraka pale. Shingo ya sasa ni bomba jembamba la stenlesi la sentimita 14, maana stenlesi inapitisha joto kidogo sana ikilinganishwa na alumini, na hozi inaanza mbali. Kwa hiyo "umeifunga vibaya"? Labda. Kidogo. Lakini aliyeandika silikoni kwenye neopreni si mimi.

Na je, mabomba yanasaidia? Sana. Rangi za kupimia joto nilizopaka ukingoni mwa diski, ile ya kijani inayobadilika kwenye nyuzi 430, ya chungwa kwenye 560 na nyekundu kwenye 610, kabla ya mabomba zilikuwa zimebadilika mbili. Baada yake imebadilika ya kijani peke yake. Pedali nayo haizami tena. Lakini mtu asinunue mabomba kuponya ugonjwa mwingine: pedali ikizama laini hadi chini, mara nyingi ni mafuta ya breki yamechemka, na mafuta ya daraja la DOT 4 yaliyokwisha kunyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu, ilhali yakiwa mapya yanaanzia 230. Badilisha mafuta kwanza. Pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, mara nyingi pedi ndizo zimezidiwa.

Nyota mbili, basi. Sentimita 40 za upande wa gurudumu sasa ni silikoni iliyopita mtihani wa kiberiti, imeunganishwa na ile ya zamani kwa kipande cha bomba la alumini na klipu mbili. Ile ya chungwa iliyobaki bado iko nyuma ya bampa, mbali na moto, na huko inakaa vizuri kabisa bila hata mkwaruzo. Hilo nalo linaniudhi.