Timu ya 2011 au ya 2012: ipi ituvimbishe kifua?

Kila tukikutana mashabiki wa besiboli hapa Kampala, ubishi ni huo huo.

Vijana wa Kampala wa 2011 walishinda mchujo wao kule Poland, wakapata nafasi ya Kombe la Dunia la Little League, yaani besiboli ya watoto, mjini South Williamsport, Marekani. Wakanyimwa viza. Umri katika makaratasi yao haukulingana. Nafasi ikaenda kwa Saudi Arabia, timu iliyojaa watoto wa Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi kule. Hapo ndipo roho inapouma! Wengine husema tulionewa. Mimi nasema nusu tu. Watoto wetu wengi huzaliwa bila cheti, karatasi hutafutwa baadaye mbiombio, na hilo ni jukumu la wazee waliosimamia timu. Mtoto hana kosa hapo.

Lugazi, mji wa kiwanda cha sukari kwenye barabara ya Jinja, ulipeleka wake 2012, karatasi safi. Timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano yale. Panama iliwafunga 9-3, Mexico 12-0, kisha wakaipiga timu ya jimbo la Oregon, Marekani, 3-2.

Kwa kipaji siwezi kuzitofautisha. Kwa fahari ya bendera, nachagua Lugazi, maana ushindi wao hauna "lakini". Ila jezi ya 2011 ningeivaa bila haya: Januari 2012 watoto wa Kanada waliokuwa wamepangiwa kucheza nao kule Marekani walikuja wenyewe Uganda, wakafungwa 2-1.